Gunia la Mbegu Bora na Beberu wa Mama

Leo nimeumbuka. Nimenunua vitabu vyangu mwenyewe kwenye mnada wa sikukuu ya mavuno, mbele ya usharika mzima, kwa beberu wa mama yangu. Na vitabu sina.

Nitaeleza kwa mpangilio, kama ninavyowaletea habari za kata humu kundini kila wiki: nani, wapi, ilikuwaje. Safari hii "nani" ni mimi.

Wengi wenu mnajua nakusanya vitabu. Msichojua ni vitabu gani.

Ilianza miaka sita iliyopita, mnadani Katesh. Hamisi, muuza viatu vya mtumba, alinipa buti nijaribu. La kulia likaingia. La kushoto likagoma. Nikatia mkono ndani, nikatoa kitu kilichokunjwa kama chapati: kijitabu chembamba, kimeshonwa kwa uzi. Huko kilikotoka walikisokota ndani ya buti ili lisibonyee njiani. Nikaanza kukisoma nimesimama, mguu mmoja una buti, mwingine una soksi.

"Kaka," Hamisi akaniuliza, "unanunua kiatu au unasoma kiatu?"

Nilinunua. (Buti zilikuwa namba arobaini na tano. Mimi navaa arobaini na moja. Mjomba alishukuru sana.)

Kijitabu kile kilichapishwa na wanawake wawili waliokuwa wapenzi, katika mji wa baridi ambao sitaufikia. Walinunua mashine chakavu ya kuchapia, wakaifunga kwenye banda la gari, wakawa wanachapa mashairi ya watu waliofungiwa mlango na wachapishaji wakubwa. Ukurasa wa mwisho wanaeleza nani alikata karatasi na nani alishona. Halafu wanasema kurasa chache zimepinda, wasomaji wawie radhi, siku ile mbwa wao alikuwa anazaa.

Hapo nilikwisha. Mtu anayeomba radhi kwa ukurasa uliopinda ni mtu wa kuaminiwa.

Tangu siku hiyo Hamisi akifungua mzigo ananipigia simu. "Kaka, vile vyembamba vyako vimekuja." Vile vinene vya jalada la kung'aa vinakwenda kwa wauza karanga kufungia. Vyembamba ni vyangu. Vingine vilitoka Basotu, kwenye makabati ya wataalamu wa kigeni waliowahi kukaa huko kwenye mashamba ya ngano, wakaondoka na kuacha mpaka vijiko.

Nimefikisha thelathini na saba. Vya watu waliokataa kwenda vitani. Vya watu waliohama mjini wakaenda kulima pamoja bila bosi, wakashindwa, wakaandika walivyoshindwa. Vya wanaume waliopenda wanaume na wanawake waliopenda wanawake, wakati ambapo kuliandika hilo kulimpotezea mtu kazi, nyumba na ndugu. Karibu vyote vilitoka kwenye viwanda vya watu wawili watatu, jikoni au stoo. Kimoja jalada lake limepigwa chapa kwa kiazi kilichochongwa kwa kisu. Kiazi! Sisi tunalima viazi tangu enzi za babu na hakuna hata mmoja aliyewaza hilo.

Lakini kimoja ndicho mboni ya jicho langu. Kina jalada la buluu na uzi mwekundu. Aliyekiandika alikuwa mfugaji wa kondoo aliyeishi na mwanamume mwenzake miaka thelathini, mpaka mwenzake akafa. Hakuwahi kuandika kitu kabla ya hapo, na sidhani aliandika tena. Marafiki zake walimchapia nakala chache tu. Nimekitafuta mtandaoni kwa kila njia ninayoijua, hakipo. Kwa kadiri ninavyofahamu, nakala hii ikipotea, yule mzee na mwenzake wamepotea pia.

Sasa swali la mwandishi: kitu cha namna hiyo unakiweka wapi hapa Tlawi, kwenye nyumba ya mama yako?

Kabatini kuna panya. Chini ya kitanda kunavuja. Na kwetu mgeni akiona kitabu anakifungua, na akikifungua anauliza. Nikafikiri kwa mpangilio (ugonjwa wangu) nikapata jibu. Mkulima wa huku juu atakula unga wa jirani, atauza ng'ombe, atalala njaa, lakini mbegu haigusi. Basi nikavifunga vitabu vyote kwenye nailoni, nikavitia ndani ya gunia, nikalijaza matambara litune kama la mbegu, nikashona mdomo kwa sindano ya magunia, na juu nikaandika kwa wino mweusi: MBEGU BORA. USIGUSE. Nikaliweka stoo katikati ya magunia ya maharage ya mama.

Mwaka mzima halikuguswa. Nilijiona nina akili sana.

Leo asubuhi mama alitangulia kanisani na jirani mwenye punda. Mimi nilibaki nikipiga pasi shati, nikafika wimbo wa pili unaisha. Nikakaa nyuma na daftari langu. Madhabahu ilikuwa imejaa sadaka: mahindi, maboga, viazi, mitungi ya maziwa, kuku waliofungwa miguu wanaochangia mahubiri. Nikahesabu magunia, kumi na manne. Nikapiga picha nikaituma humu kundini na maneno "Mungu ametenda Tlawi". Mkanipa vidole gumba ishirini na kitu.

Hiyo picha bado ipo. Irudieni. Gunia la tatu kutoka kushoto.

(Mimi, mwenye jicho la mwandishi, niliipiga, nikaikata pembeni, nikaiongezea mwanga, nikaituma. Sikuona.)

Baada ya ibada tukatoka nje kwa mnada. Kwa wasiojua kwetu: sadaka za mavuno zinanadiwa uwanjani, na asiye na fedha mkononi anataja kitu cha nyumbani kwake. Kikitajwa kimetajwa. Mnadi wetu ni Mwinjilisti Tluway, mtu mpole siku zote isipokuwa siku hii moja ya mwaka, akishika kile kipaza sauti.

Maboga yakaenda. Kuku wakaenda. Kisha wazee wawili wakaburuta gunia mbele na Mwinjilisti akavuta pumzi.

"Ndugu zangu, hapa sasa tuheshimiane. Hii ni mbegu ya Mama Danieli!"

Watu wakaguna kwa matamanio. Maharage ya mama yanajulikana mpaka Dongobesh. Mimi nikatabasamu kama mtoto wa mwenye mali. Halafu akaligeuza gunia, na nikasoma mwandiko wangu.

Nikamsogelea mama pale alipokaa na wamama wenzake. "Mama, shikamoo."

"Marahaba. Tumeshaonana leo, una nini?"

"Lile gunia, mama."

"Limependeza, ee?" akasema, macho yanang'aa. "Nilitaka kuleta la kwangu, nikaona umeandika usiguse. Nikasema basi hili ndilo bora kuliko yote. Kwa Mungu hupeleki makombo, mwanangu. Nilijua ukiombwa hutakataa."

"Hukuniomba."

"Ndiyo nakwambia sasa."

Mtasema: si ungeeleza tu kwamba limeletwa kwa makosa? Ndugu zangu, kitu kikishapita madhabahuni hakirudi nyumbani kwa maneno. Kinarudi kwa kununuliwa. Na ningesema nini? Kwamba mama, mbegu yako ile waliyoiombea ni mashairi?

"Nani anaanza?" akauliza Mwinjilisti.

"Madebe mawili ya ngano," ikajibu sauti tulivu mbele.

Alikuwa Mwalimu Naomi. Amestaafu, alinifundisha Kiingereza sekondari, ana shamba la ngano upande wa Basotu na hana haraka na jambo lolote duniani. Akisema madebe mawili, anayo.

"Jogoo!" nikapiga kelele.

Uwanja mzima ukageuka. "Danieli," Mwinjilisti akasema kwenye kipaza sauti, "unanunua mbegu ya kwenu?"

"Nampenda Mungu, Mwinjilisti."

"Amina! Jogoo mmoja?"

"Wawili."

"Madebe matatu," akasema Mwalimu Naomi.

Kuku wetu si wengi. Nikaongeza jembe la kukokotwa na ng'ombe, nikakumbuka ni la mjomba, nikalifuta, watu wakacheka. Mwalimu akafika madebe manne. Mwinjilisti akainua mkono. "Mara ya kwanza. Mara ya pili..."

"Beberu!"

Sauti ilikuwa yangu.

Nyumbani kwetu kuna beberu mmoja. Ni wa mama. Amemlea kwa chumvi na majina ya kubembeleza, na nusu ya mbuzi wa kitongoji wana masikio yake. Sikuthubutu kumtazama mama. Nilisikia tu mama mmoja jirani yake akisema, "Huyu kijana ameokoka kabisa."

Mwalimu Naomi alinigeukia, akanitazama kama alivyokuwa akiitazama insha yangu, akatikisa kichwa kwamba ameacha.

"Beberu mara ya tatu! Limekwenda kwa Danieli!"

Jamani, furaha. Nilikuwa nimemwokoa yule mfugaji na mwenzake. Nikaruka. Nikainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyefunga bao la dakika za mwisho.

Vigelegele vikapasuka uwanja mzima. Watu wakasimama kunipigia makofi. Mwinjilisti akaufuta uso kwa leso, sauti inamtetemeka.

"Mmeona? Mmeona vijana wetu? Amenunua, na amerudisha!"

Kwetu, aliyeshinda mnada akiinua mikono miwili maana yake anakirudisha kitu kwa Bwana, kinadiwe tena. Ni tendo la heshima kubwa. Nalijua tangu Shule ya Jumapili. Mwaka jana niliandika habari yake humu kundini, nikaisifu aya tatu.

Beberu akabaki ametolewa. Gunia likarudi mnadani.

"Madebe manne yangu bado yapo," akasema Mwalimu Naomi, "lakini mara hii nataka kuona mbegu kwanza."

"Haki yako, Mwalimu," akasema Mwinjilisti, na kabla sijafungua mdomo mzee mmoja alikuwa ameshachomoa kisu na kukata ushonaji wangu mzuri.

Gunia likainamishwa. Hakuna punje iliyomwagika. Yalianguka matambara, kisha mfuko wa nailoni, ukapasuka, na vitabu thelathini na saba vikateleza juu ya turubai, jalada la kiazi likiwa juu kabisa.

Kuku tu ndio waliosema kitu.

"Danieli," akasema mama. Jina tu.

"Ni... vya kusoma," nikasema.

(Miaka mitano ya kuandika habari. Hilo ndilo jibu nililopata.)

Mwinjilisti Tluway alikuwa ameishiwa, lakini mnadi ni mnadi. "Ndugu zangu, mbegu ya maarifa nayo ni mbegu! Ila hatuuzi kitu gizani. Danieli, tusomee kidogo tujue kinachouzwa." Akainama, akapapasa rundo, na katika vitabu thelathini na saba akachagua chenye uzi mwekundu. "Hiki kimeshonwa vizuri. Soma hiki. Kwa Kiswahili, wote tusikie."

Akanipa na kipaza sauti.

Nikafungua ukurasa ninaoujua kwa moyo, nikiwa nimeshapiga hesabu kwamba huo hautaji mtu kwa jina. Nikautafsiri nikiwa nimesimama. Unasema: miaka yote ile aliamka kabla yangu, akawasha moto, ili mimi niamkapo chumba kiwe na joto. Sasa naamka mapema na kuuwasha mwenyewe. Nakaa kando yake. Sijui nimwashie nani.

Mabibi wawili walijifuta macho kwa pembe ya kanga. Mzee mwenye kisu, ambaye mkewe tulimzika wakati wa mvua za mwanzo, alikuwa anaitazama ardhi.

"Huyo alioa vizuri," akasema polepole.

"Kweli kabisa," watu wakaitikia.

Niwaambie ukweli: kwa dakika hiyo moja nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mtu aliyechapishwa na marafiki zake kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka, leo anawaliza watu Tlawi!

Kisha bibi mmoja akauliza kutoka nyuma, kwa upole tu. "Na jina la marehemu mkewe lilikuwa nani, mwanangu? Tumtaje."

"Ndiyo, jina!" wengine wakadakia. "Geuza ukurasa!"

Jina limo ukurasa unaofuata. Liko juu kabisa, mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa. Nalo ni jina la mwanamume ambalo mpaka mtoto wa darasa la kwanza analijua, limo kwenye Agano Jipya.

Nikashika ukurasa. Nikauachia. Jasho likaniingia jichoni.

"Kurasa zimegandana," nikasema kwenye kipaza sauti.

"Zimegandana?"

"Ni unyevu."

Mwalimu Naomi akanyanyuka. Alivaa miwani yake njiani, hatua kwa hatua, akafika, akanyoosha mkono. Nikampa. (Ungemnyima wewe? Mimi alinichapa mbele ya darasa zima kwa kusema uongo kuhusu daftari la imla.) Akageuza ukurasa kwa kidole kimoja. Uligeuka kama jani la mgomba kwenye upepo.

"Hakuna kilichogandana hapa," akasema, na kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mwangu, kikawapelekea wote. "Kilichoganda ni wewe."

Kicheko kilichotoka pale sina haja ya kukieleza. Kuku walishtuka. Mwinjilisti alishika tumbo. Mama pekee hakucheka.

Mwalimu Naomi naye hakucheka. Alikuwa anasoma. Alisoma ukurasa ule, akaugeuza, akasoma uliofuata, amesimama vilevile kama mimi na lile buti moja. Watu walipochoka kucheka wakaanza kusubiri. Niliutazama uso wake kwa juhudi zote, kazi yangu ni kutazama nyuso. Sikuona kitu. Aligeuza mpaka mwisho, akapapasa ule uzi mwekundu kwa kidole gumba, akafunga kitabu.

"Basi jina, Mwalimu!" bibi akakumbusha.

"Nikinunua, jina ni langu," akajibu. "Madebe sita. Vyote."

Sita! Kwa vitabu ambavyo dakika kumi nyuma vilikuwa maharage na kwake havikuzidi madebe manne. Mwinjilisti alinitazama kwa huruma. Mimi nilikuwa na nini? Shati lililopigwa pasi.

"Mara ya tatu! Vimekwenda kwa Mwalimu Naomi!"

Hakuinua mikono. Alivirudisha guniani mwenyewe kimoja kimoja, migongo upande mmoja, bila kukunja kona hata moja. Mimi mwenyewe sivipangi vizuri vile. Wakamfungia mzigo kwenye bodaboda. Cha buluu hakukitia guniani, alikishika mkononi.

Nikakimbia nikamfikia. "Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Mwalimu, kile cha buluu... duniani sijaona kingine."

"Najua," akasema. "Kinaonekana."

"Umefika ukurasa ule wenye..."

"Nimefika."

Nikasubiri aendelee. Alimgusa dereva begani waondoke, kisha akamgusa tena asimame.

"Danieli, umevisoma vyote hivi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akakihamishia kitabu mkono wa pili. "Jumamosi uje nyumbani," akasema. Pikipiki ikaondoka. Sauti ile ndiyo aliyokuwa akiitumia kumwita mwanafunzi ofisini, na enzi zile ofisini ulikuwa unaweza kukuta zawadi ya kalamu au fimbo, hujui mpaka uingie.

Nimerudi nyumbani. Mama hajagusia vitabu. Ameniuliza jambo moja tu: "Beberu utampeleka wewe, au unasubiri waje wakuone ukilia?" Nimempeleka. Alinifuata bila kamba, maskini, akidhani tunakwenda majanini.

Mpaka hapo ndiyo habari ilipofikia. Nimekaa nje naandika, jua bado liko juu. Nyumba ya Mwalimu Naomi naiona ng'ambo ya bonde, bati lake linang'aa. Jikoni kwake moshi umeanza kutoka. Ni saa ya kupika, kila nyumba inatoa moshi, najua.

Ila wa kwake ni mwingi kidogo, na karatasi huwaka upesi. Msicheke.